Kufakta, kukamilisha mraba au fomula: ushike ipi ukipewa ikwesheni?

Kuna watu wakiona x² tu, hao, mbio kwenye fomula, hata kama ikwesheni yenyewe ni ya kumaliza kichwani bila kushika kalamu. Na kuna wengine, hawa naona ndo wanateseka zaidi, walishaambiwa kwamba kufakta ndo hesabu yenyewe, basi mtu anakomaa na jozi za namba mpaka karatasi inajaa na kumbe ikwesheni aliyopewa haifaktiki kwa namba za kawaida (namba kamili au sehemu) hata akeshe. Wote wawili shida yao moja, wamechagua njia kabla ya kuangalia namba. Kwa hiyo hapa naziweka njia ubavu kwa ubavu, ikwesheni ileile inapita njia mbili tatu, uone ipi inakula muda wapi alafu uamue mwenyewe. Ikwesheni za x² ninazosema zimekaa hivi: ax² + bx + c = 0, ambapo a, b na c ni namba. Kufakta ni kuigeuza iwe mabano mawili yanayozidishwa, kukamilisha mraba ni kuigeuza iwe mabano yenye mraba sawa na namba, kama (x − 3)² = 5, na fomula ni x = (−b ± √(b² − 4ac))/(2a).

Kabla ya yote, sifuri

Kufakta inafanya kazi kwa sababu moja tu: vitu viwili vikizidishwa vikatoa sifuri, lazima kimojawapo ni sifuri. Hakuna namba nyingine yenye tabia hiyo. Zao likiwa 6 inaweza kuwa 2 mara 3, 1 mara 6, 12 mara nusu, hazina mwisho, lakini zao likiwa 0 hamna pa kujificha. Sasa mtu akikuletea (x − 2)(x − 3) = 6 usifurahi kwamba imeshafaktiwa, imekaa tu kama imefaktiwa. Fungua mabano, unapata x² − 5x + 6 = 6, zile 6 zinakufa, inabaki x² − 5x = 0 yani x(x − 5) = 0, majibu ni 0 na 5. Yule aliyeandika x − 2 = 6 na x − 3 = 6 akapata 8 na 9, airudishe 8 ndani aone: 6 mara 5 ni 30. Wapi na wapi na 6.

Fomula nayo inataka sifuri upande wa pili, watu wanalisahau hili, wanachukua c kama ilivyokaa kwenye swali na alama inakuwa kinyume. Kukamilisha mraba peke yake ndo haina noma sana na hilo maana namba isiyo na x unaipeleka upande wa pili makusudi.

Namba ndogo: kufakta inashinda, hamna mjadala

Chukua x² − 7x + 12 = 0. Unatafuta namba mbili, zao lake 12 na jumla −7. Ni −3 na −4, kwa hiyo (x − 3)(x − 4) = 0, x ni 3 au 4, tumemaliza.

Kwa fomula: b² − 4ac ni 49 − 48 = 1, kipeuo chake 1, x = (7 ± 1)/2, tunapata 4 na 3. Majibu yaleyale, ila umepita sehemu kama tatu ambazo alama ya kutoa ingeweza kukuponyoka. Kwa kukamilisha mraba: nusu ya 7 ni 3.5, mraba wake 12.25, unafika (x − 3.5)² = 0.25, x = 3.5 ± 0.5. Inafika nayo, lakini umeingiza desimali kwenye swali lililokuwa halina desimali, ya nini yote hayo?

Na zile ambazo namba ya mwisho haipo kabisa, mfano x² = 5x, hapo kutumia fomula ni kujitesa. Vuta kila kitu upande mmoja, toa x nje, x(x − 5) = 0. Ila usije ukagawanya pande zote kwa x eti kurahisisha, ukifanya hivyo unabaki na x = 5 peke yake na jibu la 0 limepotea bila hata wewe kujua limepotea. Hii ndo faida moja ya kufakta ambayo haisemwi sana, inakulinda usitupe majibu.

Namba ya mbele ikiwa si 1, hapa ndo ushindani unaanza

6x² − 7x − 20 = 0.

Kwa kufakta, unazidisha ya kwanza na ya mwisho: 6 mara −20 ni −120. Unatafuta jozi yenye zao −120 na jumla −7. Unapita 10 na 12, hapana, tofauti ni 2 tu. 8 na 15, tofauti 7, hiyo hapo. Kubwa inabeba hasi, kwa hiyo −15 na 8. Unaipasua ile ya katikati: 6x² − 15x + 8x − 20, mbili za kwanza zinatoa 3x(2x − 5), mbili za mwisho 4(2x − 5), mabano yamefanana, basi (3x + 4)(2x − 5) = 0. x ni 5/2 au −4/3.

Kwa fomula: 49 + 480 = 529, kipeuo chake 23. x = (7 ± 23)/12, yani 30/12 ambayo ni 5/2, na −16/12 ambayo ni −4/3.

Hapa kwangu ni sare. Kama jozi ya 8 na 15 imekujia haraka, kufakta ni nyepesi na inakuachia kazi safi. Kama kichwa kimegoma, fomula haikuombi ubunifu wowote, unachomeka namba unakula jibu. Mtu mwenye haraka na mwenye kalkuleta mkononi achukue fomula. Asiye na kalkuleta akumbuke kwamba 529 ni mraba wa 23 au aanze kupapasa.

Sasa hii: 24x² + 2x − 35 = 0. Zao la 24 na 35 ni 840, na 840 ina jozi 16 za vigawo, kumi na sita! Mtu anayezijaribu kuanzia 1 na 840, 2 na 420, 3 na 280 atazeeka hapo. Fomula inapita kama haioni kitu: 4 + 3360 = 3364, kipeuo 58, x = (−2 ± 58)/48, majibu 7/6 na −5/4. Kwa macho ya haraka fomula imeshinda.

Lakini ngoja. Angalia ile namba ya katikati, ni 2 tu, ndogo mno ukilinganisha na 840. Alama ya mwisho ni hasi kwa hiyo unatafuta namba mbili zinazotofautiana kwa 2, yani ziko karibu karibu sana, basi lazima zizunguke kipeuo cha 840 ambacho ni kama 29. Ukianzia hapo katikati badala ya kuanzia 1 unakutana na 28 na 30 papo hapo. 24x² + 30x − 28x − 35, 6x(4x + 5) − 7(4x + 5), (6x − 7)(4x + 5). Wengi wanaosema kufakta inachukua muda wanaanzia pembeni siku zote. Kanuni ya haraka: namba ya mwisho ikiwa hasi na ya katikati ndogo, anzia kwenye kipeuo, ya katikati ikiwa kubwa sana, anzia pembeni.

Jua mapema kama inafaktiki

Kabla hujaanza kuwinda jozi, piga b² − 4ac. Vitabuni inaitwa diskriminanti, ila jina halina shida, cha muhimu ni inachokwambia. Kama namba zako zote ni kamili na hicho kipande kimetoka mraba kamili (0, 1, 4, 9, 16, na kuendelea mpaka 529 na 3364 za hapo juu), ikwesheni inafaktiki kwa namba za kawaida, uhakika. Kama si mraba kamili, haifaktiki, funga hiyo biashara nenda njia nyingine. Ikitoka hasi, hamna jibu halisi kabisa, grafu yake haigusi mhimili wa x popote.

Mfano x² − 6x + 4 = 0. Inaonekana mpole, namba ndogo ndogo, mtu anajaribu 1 na 4, 2 na 2, hazitoi 6, anarudia tena kana kwamba safari ya pili zitatoa. 36 − 16 = 20, si mraba kamili. Sekunde chache tu ungejua.

Na ujanja ambao naupenda: kama umeambiwa ufakte na jozi imekataa kutokea, tumia fomula upate majibu alafu rudi nyuma. Umepata 7/6 na −5/4? Jibu 7/6 linakuja na mabano ya (6x − 7), −5/4 linakuja na (4x + 5). Zidisha uhakikishe namba ya mbele imerudi 24, kama haijarudi kuna namba ya kutoa nje. Kwa hiyo fomula na kufakta wala si maadui, moja inaweza kufanya kazi ya mwenzake.

Kukamilisha mraba, ina watu wake

Hiyo hiyo x² − 6x + 4 = 0. Peleka 4 ng'ambo, x² − 6x = −4, nusu ya 6 ni 3, mraba wake 9, ongeza pande zote: (x − 3)² = 5. x = 3 ± √5. Mistari mitatu na jibu limetoka likiwa limeshanyooka. Kwa fomula ungepata (6 ± √20)/2 alafu uanze kukumbuka kwamba √20 ni 2√5, ugawanye, wengi wanaishia njiani wanaandika 3 ± √20 na wanakosa.

Kwa hiyo namba ya mbele ikiwa 1 na ya katikati ikiwa shufwa na kile kipande si mraba kamili, mimi nakamilisha mraba bila kufikiria mara mbili. Ya katikati ikiwa witiri unaingia kwenye sehemu za nusu na robo, hapo raha inaisha. Na namba ya mbele ikiwa 6 au 24, usithubutu, nenda fomula, ambayo kiukweli ni kukamilisha mraba kulikofanywa mara moja kwa herufi ili wewe usirudie kila siku.

Faida yake nyingine ni kwa wachora grafu. (x − 3)² − 5 inakwambia hapo hapo kwamba sehemu ya chini kabisa ya grafu iko x = 3, y = −5. Kufakta haikupi hilo moja kwa moja, inakupa pale grafu inapokata mhimili wa x. Basi swali likiuliza thamani ndogo au kubwa kabisa, umeshajua unaelekea wapi. Njia yenyewe ni ya zamani mno, Al-Khwarizmi wa Baghdad aliieleza karne ya 9 kwa kuchora miraba ya kweli na kujaza kona iliyopungua, na ndo maana ina jina hilo.

Kuna njia nyingine ya katikati ambayo Po-Shen Loh, profesa wa hisabati Marekani, aliisambaza mwaka 2019, na yeye mwenyewe alisema vipande vyake ni vya kale. Ni ya kufakta bila kubahatisha. x² − 14x + 24 = 0: majibu mawili jumla yake 14, kwa hiyo wastani wake 7, basi moja ni 7 + u na lingine 7 − u. Zao lake ni 49 − u² na linatakiwa kuwa 24, u² = 25, u = 5, majibu 12 na 2. Ukiichunguza utaona ni kukamilisha mraba iliyovaa nguo nyingine, ila kwa mtu anayechukia kubahatisha jozi hii inamfaa sana, na haivunjiki hata kama jibu lina kipeuo ndani.

Ukipanda kipeo cha tatu kwenda juu, mchezo unageuka

Mpaka hapa fomula imeonekana kama ndo salama ya wote. Ila ile fomula ni ya x² tu. Ukipewa x³ kufakta kunarudi kuwa mfalme.

Angalia kwanza kama inapangika kwa makundi. x³ − 2x² − 9x + 18 = 0: mbili za mwanzo zinatoa x²(x − 2), mbili za mwisho −9(x − 2), basi (x − 2)(x² − 9), na x² − 9 inapasuka yenyewe, majibu 2, 3 na −3. Na x⁴ − 13x² + 36 = 0 ni ya x² iliyojificha, ichukulie x² kama kitu kimoja: (x² − 4)(x² − 9), majibu manne, 2, −2, 3, −3.

Isipopangika, kuna orodha fupi ya kujaribu. Kwa 2x³ − 3x² − 11x + 6 = 0, jibu lolote ambalo ni namba kamili au sehemu lazima liwe kigawo cha namba ya mwisho (6) kugawanya kwa kigawo cha namba ya mbele (2). Kwa hiyo unajaribu 1, 2, 3, 6, 1/2 na 3/2, chanya na hasi, basi, hamna kwingine pa kwenda. Jaribu 3: 54 − 27 − 33 + 6 = 0, imekubali. Sasa gawanya kwa (x − 3) kwa kutumia namba tupu: shusha 2, 2 mara 3 ni 6, jumlisha na −3 unapata 3, 3 mara 3 ni 9, jumlisha na −11 unapata −2, −2 mara 3 ni −6, jumlisha na 6 unapata 0, baki hakuna. Kilichobaki ni 2x² + 3x − 2, ambacho ni (2x − 1)(x + 2). Majibu 3, 1/2, −2. Kile cha x² kilichobaki kingegoma kufaktiki ungekimalizia kwa fomula, na hivi ndivyo njia hizi zinavyoshirikiana kwenye ikwesheni kubwa: kufakta kunashusha kipeo, fomula inamalizia.

Mtu atauliza, kwani fomula ya x³ haipo? Ipo, Cardano wa Italia aliichapisha mwaka 1545. Ila iangalie ikifanya kazi kabla hujaitamani. x³ = 15x + 4. Fomula inakupa kipeuo cha tatu cha (2 + √−121) ukijumlisha na kipeuo cha tatu cha (2 − √−121), yani imekupitisha kwenye vipeuo vya namba hasi, alafu ujue mwenyewe utatokaje. Wakati huo huo mtu wa kufakta ameandika x³ − 15x − 4 = 0, akajaribu 4, 64 − 60 − 4 = 0, akagawanya akabaki na x² + 4x + 1 = 0, akakamilisha mraba, (x + 2)² = 3, majibu 4, −2 + √3 na −2 − √3. Yote matatu ni namba halisi kabisa, na fomula ilikuwa inakuzungusha kwa zile za kufikirika ili ufike kwenye 4.

Ya kipeo cha nne nayo ina fomula yake na sijaona mtu mwenye akili timamu anaitumia kwa mkono. Kipeo cha tano kwenda juu hamna fomula ya jumla ya vipeuo na haitapatikana, Abel wa Norwei alilithibitisha hilo mwaka 1824. Kitu kidogo tu kama x⁵ − x − 1 = 0 hakifaktiki kwa namba za kawaida na hakiandikiki kwa vipeuo, unakitafuta kwa kukaribia, 1.167 na kuendelea, kwa grafu au kompyuta.

Sasa ushike ipi

Ukiletewa ya x², weka sifuri upande mmoja, toa nje kinachotoka, alafu jipe muda mfupi sana wa kuona jozi. Imeonekana, fakta. Haijaonekana, piga b² − 4ac. Ni mraba kamili na huna kalkuleta, rudi kwenye jozi ukianzia sehemu sahihi. Una kalkuleta, maliza na fomula maana nusu ya kazi umeshaifanya. Si mraba kamili, kamilisha mraba kama ya mbele ni 1 na ya katikati shufwa, vinginevyo fomula. Desimali kama 1.37x² − 4.2x usihangaike hata sekunde na jozi, fomula moja kwa moja. Kipeo cha tatu na zaidi, anza na makundi, alafu orodha ya kujaribu.

Kama mtihani umeandika wazi "kwa kufakta" basi fakta, ukileta fomula unaweza ukapata majibu sahihi na maksi zikakatwa. Na hapo kwenye swali la aina hiyo kile kipande cha b² − 4ac kina kazi moja zaidi: kikitoka 20 au 37 wakati umeambiwa ufakte, usianze kumlaumu aliyetunga, rudi kwanza uangalie alama ulizonakili kutoka kwenye swali, mara nyingi kuna kutoa kumegeuka kujumlisha.